Dawa za kifafa na ini: namna ya kulitunza ini bila kuacha dawa

Maswali ni yaleyale, hubadilika sauti tu. "Nasikia dawa za kifafa zinaua ini, niache?" "Mtoto anatapika toka juzi na ameanza kuanguka tena, nimwongezee dozi?" "Karatasi ya maabara inaonyesha GGT, kimojawapo cha vipimo vya ini, imepanda, ndiyo ini limekwisha?" Kwa swali la kwanza, usiache. Kwa la pili, usiongeze. Mbebe mtoto umpeleke hospitali sasa hivi. La tatu mara nyingi si kitu. Majibu hayafanani kwa sababu matatizo yenyewe hayafanani, na mgonjwa au mzazi anaweza kuyatofautisha kabla hajafika kwa daktari, akijua pa kuangalia.

Nadharia ni fupi. Ini ndilo linalovunjavunja sehemu kubwa ya dawa za kifafa, na kwa watu wengi linafanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi bila shida. Kwa wachache linaumia kwa njia mbili: ama dawa inalilemea, ama mwili unaikataa dawa kwa mzio mkali unaoshika ngozi na ini kwa pamoja. Kila njia ina dalili zake na muda wake.

Vitu vya kuwa navyo

- Dawa zako zote zikiwa kwenye boksi au pakiti zake. Vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha ya kaki bila jina havimsaidii mtu.
- Kadi ya kliniki na daftari dogo la kuandika tarehe, dozi na siku za kuanguka.
- Simu yenye kamera.
- Kipimajoto.
- Uzito wa mgonjwa wa hivi karibuni, hasa mtoto, kwa sababu dozi yake hupangwa kwa kilo.
- Namba ya simu ya kliniki au ya mhudumu anayekufahamu.
- Karatasi zote za maabara za zamani. Usizitupe hata kama majibu yalikuwa mazuri. Hayo mazuri ndiyo ya kulinganishia.

Hatua kwa hatua

1. Jua jina halisi la dawa unayomeza.

"Kile cheupe cha asubuhi na jioni" si jina. Soma kwenye boksi, na ukishindwa mwombe mfamasia akuandikie.

*Valproeti* (Epilim, Depakine) ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote kwa upande wa ini. Madhara makubwa ni nadra, lakini yakija huja zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 2, hasa wanaotumia dawa nyingine ya kifafa pamoja nayo, wenye ulemavu wa ubongo, au wenye magonjwa ya kurithi ya mitokondria, yaani yale yanayovuruga namna chembe za mwili zinavyotengeneza nguvu. Kama kwenye ukoo kuna mtoto aliyefariki kwa ugonjwa wa ini usioeleweka, au aliyezidiwa baada ya kuanzishiwa dawa hii, sema kabla daktari hajaiandika. Hata kama suala hilo halizungumzwi nyumbani, kwa daktari lizungumzwe.

*Kabamazepini* (Tegretol), *fenitoini* (Epanutin, Dilantin) na *fenobabitali* ni za ukoo mmoja kwa upande wa mzio. Hatari yake huwa kubwa kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu kuanza dawa. *Lamotrijini* (Lamictal) nayo huleta vipele vya hatari, hasa ikianzishwa kwa dozi kubwa au ikichanganywa na valproeti bila kupandishwa polepole.

*Levetirasetamu* (Keppra) hutolewa zaidi na figo, hivyo ini linapumua. Ndiyo maana madaktari wengi huikimbilia mgonjwa wa kifafa anapokuwa tayari na ini bovu.

2. Pima ini kabla ya kidonge cha kwanza.

Omba vipimo vya ini vifanyike kabla ya kuanza, hasa kama ni valproeti. Bila hivyo, ALT (kipimo kinachopanda chembe za ini zikiumia) ikipanda baadaye hutajua kama ni dawa au ni jambo lililokuwepo tangu zamani. Omba pia kipimo cha homa ya ini B. Ugonjwa huu uko mwingi kwetu, watu hutembea nao bila kuhisi chochote, na lawama yote huja kuangukia dawa ya kifafa.

Kama ulishaanza dawa na hukuwahi kupima, pima sasa. Hujachelewa, na si sababu ya kuisimamisha.

3. Mtajie daktari kila kitu kingine kinachoingia mwilini.

Hapa ndipo watu wanapoficha mambo, na ndipo ini linapoumia. Orodha ya kumtajia:

Dawa za kifua kikuu. Isoniazidi yenyewe inaweza kulidhuru ini, na pia huzuia kabamazepini na fenitoini zisivunjwe, zikarundikana kwenye damu. Mgonjwa huanza kuyumba kama mlevi, kuona vitu viwili viwili na kusinzia. Rifampisini hufanya kinyume chake: huharakisha ini kuvunja dawa, na kifafa kinaweza kurudi. Wanaomeza isoniazidi ya kinga wakiwa kwenye ARV wanahusika vilevile.

ARV. Nevirapini inajulikana kwa kudhuru ini. Dolutegraviri hushushwa nguvu na kabamazepini, kwa hiyo kliniki mbili zinazokuhudumia lazima zijuane. Wewe ndiye mjumbe kati yao, hazipigiani simu.

Parasetamoli. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Kama unatumia kabamazepini, fenitoini au fenobabitali, na huku unakunywa pombe au huli vizuri, dozi hiyo nayo inaweza kuwa kubwa kwako. Uliza upewe kiwango chako. Kumbuka pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, ukajikuta unaimeza mara mbili.

Aspirini. Mtoto anayetumia valproeti asipewe. Huifanya valproeti iliyo huru kwenye damu iongezeke.

Pombe, na hasa gongo au chang'aa. Hili halihitaji maelezo.

Mitishamba. Sisemi kila mti ni sumu. Ninachosema ni kwamba chupa ya lita moja isiyo na jina, inayonywewa asubuhi na jioni, hakuna daktari anayeweza kukuambia inafanya nini kwenye ini linaloshughulika na valproeti. Ukiwa umeinywa, sema. Hakuna atakayekufukuza kliniki.

Na chakula pia. Mahindi na karanga zilizoota ukungu hubeba sumukuvu, na sumukuvu hulenga ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Kama nyumba nzima wana macho ya njano, usimkazie macho mwenye kifafa peke yake, angalieni ghala.

4. Piga picha ya macho siku ya kwanza.

Wengi hawafanyi hatua hii, nami naipenda kuliko zote kwa sababu haina gharama. Toka nje mchana, kaa kivulini, vuta kope ya chini, tazama juu, na mtu akupige picha ya weupe wa jicho. Ihifadhi pamoja na tarehe.

Sababu ni hii: macho ya wengi wetu hayako meupe kama karatasi. Vumbi, jua, moshi wa kuni na umri huyapa rangi ya kahawia kwa mbali. Bila picha ya mwanzo mtabishana nyumbani, huyu anaona njano, yule haoni. Ukiwa na picha, mnalinganisha tu. Usiangalie macho usiku chini ya taa ya njano. Kila mtu ataonekana mgonjwa.

Viganja vikiwa vya njano na macho yakabaki vilevile, uliza kwanza kuhusu maembe, mapapai, karoti na maboga. Ini linapoleta unjano, macho hayabaki nyuma.

5. Kagua dalili kila wiki kwa miezi 6 ya kwanza.

Chagua siku moja, tuseme Jumapili asubuhi, uangalie haya:

- Mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea wakati mgonjwa anakunywa maji ya kutosha, ni dalili. Rifampisini hutoa mkojo wa rangi ya chungwa na vidonge vya vitamini B hutoa wa njano inayong'aa. Hivyo viwili si ini.
- Choo. Kikipauka kama udongo wa mfinyanzi, ni dalili.
- Hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo upande wa juu kulia.
- Uchovu usio wa kawaida, usingizi mwingi, kuvimba uso au miguu.
- Kuwashwa mwili, michubuko isiyo na sababu, ufizi kutoka damu.
- Homa na vipele, uso kuvimba, matezi ya shingoni au kwapani.

Kwenye valproeti kuna jambo moja ambalo ningeliandika ukutani kama ningeruhusiwa. Mtu aliyekuwa ametulia akaanza kuanguka tena, na hapohapo amekosa hamu ya kula, anatapika au analala kupita kiasi, huyo afikiriwe ini kwanza. Kifafa kurudi kinaweza kuwa ishara ya mwanzo ya ini kushindwa, hata kabla macho hayajabadilika. Kinachotokea majumbani ni kinyume: mama anaongeza dozi ya valproeti akidhani haitoshi, au mgonjwa anapelekwa kwa mganga kwa sababu "limerudi", na siku tatu zinapotea.

Angalizo kuhusu homa na vipele. Wiki ya tatu ya kabamazepini, homa inapanda, mwili unatoka vipele. Nyumbani wanasema malaria, au surua. Pima malaria, sawa, lakini majibu yoyote yatakayotoka yasikuzuie kwenda na boksi la dawa kwa daktari siku hiyohiyo. Vidonda mdomoni, macho mekundu yanayouma au ngozi inayobanduka ni dharura, usisubiri asubuhi.

6. Rudi upime damu, na ujifunze kuisoma karatasi.

Kwa valproeti, vipimo hurudiwa mara kwa mara ndani ya miezi 6 ya kwanza; ratiba kamili atakupa daktari wako. Ukishika karatasi, usisome herufi nyekundu kisha ukazimia. Soma hivi:

ALT na AST huonyesha kama chembe za ini zinaumia. Tafuta kiwango cha juu cha kawaida kilichochapwa pembeni, kizidishe mara tatu. Mfano, kama kiwango cha juu ni 40, mara tatu ni 120. ALT ya 65 kwa mtu mwenye afya njema ni jambo la kumwonyesha daktari na kurudia kipimo. Si jambo la kuacha dawa. Lakini ALT iliyovuka mara tatu pamoja na bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu) iliyovuka mara mbili ni hatari ya kweli. Nenda siku hiyo.

AST peke yake ikipanda, uliza: alianguka lini? Misuli nayo ina AST, na mtu aliyekakamaa na kutikisika jana anaweza kuwa nayo juu leo bila ini kuwa na kosa. Mwambie mtu wa maabara na daktari kwamba kulikuwa na kuanguka.

GGT peke yake ikipanda kwa anayemeza fenobabitali, fenitoini au kabamazepini, mara nyingi maana yake ni kwamba ini limechochewa kufanya kazi kwa kasi zaidi, halijaumizwa. Hili ndilo jibu la swali la tatu pale juu.

Albumini (protini inayotengenezwa na ini) na INR (kipimo cha damu kuganda) huonyesha kama ini bado linafanya kazi yake. INR ikipanda bila mtu kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, hali ni nzito hata kama ALT imeanza kushuka. Nimeona watu wakifurahia ALT kushuka na INR hawakuiangalia.

Angalizo. Karatasi nzuri haifuti dalili mbaya. Vipimo vya wiki iliyopita haviwezi kujua mgonjwa anatapika leo.

7. Dalili ikitokea, fuata mpangilio huu.

a) Usiongeze dozi. Usianzishe dawa ya jirani.

b) Usiache dawa ukabaki nyumbani. Kukatisha ghafla, hasa fenobabitali, kunaweza kuleta kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hilo linaua haraka kuliko ini.

c) Nenda hospitali siku hiyohiyo, dawa zote mkononi. Kama mgonjwa ana macho ya njano, anatapika mfululizo, amechanganyikiwa, hazinduki vizuri, anatoka damu, au kifafa kimemshika zaidi ya dakika 5, nenda hapohapo hata kama ni usiku wa manane.

d) Ukifika, sema kwa sentensi moja: "Anatumia valproeti tangu mwezi fulani, dozi kiasi fulani, ameanza kutapika juzi na ameanguka mara mbili." Taja dawa mwanzoni. Ukianza na "ana homa" utapelekwa kwenye foleni ya malaria.

e) Daktari akiamua dawa isimamishwe palepale, kubali. Atasimamisha akiwa na dawa nyingine ya kushika nafasi yake na macho ya kumwangalia mgonjwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuacha hospitalini na kuacha nyumbani.

8. Yakishapita, andika kwa wino mwekundu.

Kwenye jalada la kadi ya kliniki, si ndani, andika jina la dawa na kilichotokea: "KABAMAZEPINI: homa, vipele, ini." Aliyepata mzio wa namna hii kwa kabamazepini asipewe fenitoini wala fenobabitali bila daktari kujua, kwa sababu mwili unaoikataa moja unaweza kuzikataa zote. Ukihamia mkoa mwingine, kadi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Wanawake, neno la pembeni. Fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hulifanya ini livunje haraka homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, mimba ikaingia bila kutarajiwa. Na valproeti humdhuru mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri isianzishwe kwa wasichana na wanawake wenye uwezo wa kuzaa. Kama unaitumia na unaweza kushika mimba, muone daktari mpange upya. Usiache mwenyewe.

Ukikwama

*Mgonjwa anasinzia, ameduwaa, anatapika, lakini ALT na AST ziko sawa.* Kwenye valproeti hili linawezekana. Dawa hiyo inaweza kupandisha amonia (taka ya mwili inayovuruga ubongo ikizidi) kwenye damu wakati vipimo vingine vya ini havijasema kitu. Uliza kama wanapima amonia. Damu yake huwekwa kwenye barafu na kupimwa haraka, hivyo si kila maabara inaweza. Kama hawawezi, bado mwambie daktari unahofia hilo, atafanya uamuzi kwa kumwangalia mgonjwa.

*Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika.* Huenda si ini, ni kongosho. Valproeti inaweza kulidhuru nalo. Ni dharura vilevile.

*Amekosa dozi mbili kwa sababu dawa ziliisha.* Usimlipie kwa kumpa zote kwa mkupuo. Piga simu kliniki uulize namna ya kurudi, na safari ijayo chukua dawa ikiwa imebaki ya wiki moja.

*Pakiti mpya ina sura tofauti na ya zamani.* Linganisha jina na miligramu kabla ya kumeza. Vidonge vya miligramu 200 na 500 vya valproeti vimeshachanganywa na watu wengi tu.

*ALT imepanda kidogo, daktari anasema endelea, wewe huna amani.* Muulize mambo mawili: tunarudia kipimo lini, na ikifika ngapi tutabadilisha dawa? Andika majibu. Mara nyingi hupungua yenyewe, au baada ya dozi kupunguzwa.

*Zahanati ya karibu haina vipimo vya ini.* Uliza kama wana vijiti vya kupimia mkojo vyenye alama ya bilirubini. Baadhi ya zahanati ndogo huwa navyo. Kikionyesha bilirubini, omba rufaa siku hiyohiyo. Kisipoonyesha na dalili zipo, omba rufaa hivyohivyo. Na dawa za kifafa safiri nazo mkononi, si kwenye buti la basi. Basi likiharibika njiani, dozi ya jioni iwe karibu nawe.